Tangi la lita 60, maji ya kisima pH 8.2: samaki gani wanaelewana?

Kisima_Mbezi ameuliza:

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nina tangi la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36. Liko sebuleni mbali na dirisha. Chujio ni la sponji, linaendeshwa na pampu ya hewa. Hita sina, maana hapa Dar joto la maji ndani ya nyumba linacheza kati ya nyuzi 27 na 30. Maji ni ya kisima cha kuchimba. Nimepima kwa matone: pH (kipimo cha asidi na alkali) 8.2, ugumu wa jumla (GH) 14, KH (uwezo wa maji kumeza asidi) 12. Kipima TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka) kinasoma 620. Chini kuna mchanga laini wa mto, umeoshwa, kina chake sentimita nne.

Muuzaji amenipangia orodha hii: goldifishi 2, neoni 10, gapi 4 (dume 2, jike 2), beta dume 1, samaki malaika 2, na pleko 1 wa kusafisha kioo. Anasema wote ni samaki wa maji baridi kwa hiyo hawana shida wakikaa pamoja, na kwamba maji yakishakaa siku tatu naweza kuwaingiza.

Swali langu: wangapi katika hawa wanafaa kweli, na kama hawafai, niweke nini? Napenda tangi lenye uhai, samaki wanaoonekana wakifanya shughuli, si lazima wawe wengi.

---

mvuvi_wa_kioo:

Mkuu, umefanya jambo ambalo wengi hulifanya baada ya samaki kufa: umepima maji kwanza. Tuanzie hapo hapo.

Hilo neno "maji baridi" ndilo linalopotosha watu madukani. Maana yake ni kwamba samaki si wa bahari, basi. Halikuambii kama samaki anataka joto au ubaridi, wala kama anatoka kwenye maji magumu au maji laini. Katika orodha yako kuna samaki wa mito ya Amazon yenye maji laini yenye asidi, kuna samaki wa mabwawa ya Asia wanaopenda ubaridi, na kuna gapi ambaye asili yake ni Venezuela, Trinidad na jirani zake na hana tatizo na maji magumu. Hao hawakutani popote isipokuwa dukani.

Jambo la pili ni ujazo. 60 × 30 × 36 inakupa karibu lita 65 kwenye karatasi. Ondoa unene wa kioo, mchanga wa sentimita nne, na sentimita tatu unazoacha juu ili samaki asiruke nje. Unabaki na kama lita 50. Panga samaki kwa hizo 50.

Sasa orodha yenyewe.

Goldifishi: toa. Wa kawaida hupita sentimita 20, hata wale wenye mkia wa shela hufika 15. Anataka maji ya nyuzi 18 hadi 22, na anachafua maji kuliko samaki wengi wa ukubwa wake. Tena kinachoingia mdomoni mwake anakimeza, na neoni anaingia.

Malaika: toa. Wakati wa kununua ana ukubwa wa sarafu. Akikomaa, kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini anapita sentimita 20, na wewe una kina cha maji cha 29. Naye pia hula neoni.

Pleko: toa bila kusita. Yule wa kawaida anayeuzwa kama msafishaji hufika sentimita 30 hadi 45. Uchafu anaoutoa ni mwingi kuliko mwani anaoula. Kioo kinasafishwa na kipande cha sponji mpya isiyoguswa na sabuni, dakika mbili kwa wiki.

Neoni: samaki mzuri, maji siyo yake. Kwa GH 14 na nyuzi 30 hatakufa siku hiyo hiyo, na ndiyo maana watu hudhani anafaa. Ataishi miezi badala ya miaka, rangi ikififia taratibu. Kumbuka pia joto linapunguza hewa ndani ya maji: nyuzi 25 maji yanabeba hadi kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, nyuzi 30 ni kama 7.6.

Beta dume na gapi dume: usiwachanganye. Beta akiona mkia mrefu wenye rangi anaona beta mwenzake. Siku mbili za kwanza anaweza kutulia, ya tatu asubuhi unakuta mikia imechanika kama bendera ya zamani. Beta mwenyewe maji yako anayamudu, ila aishi peke yake na konokono.

Kwa hiyo umebaki na gapi, na gapi kwa maji yako ni chaguo zuri kabisa. Lakini usichukue dume 2 na jike 2. Dume wawili watawasumbua jike mchana kutwa. Halafu jike mmoja huzaa vifaranga 20 hadi 50 kila baada ya wiki nne hivi, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukimtenga leo ataendelea kuzaa. Lita 50 zitajaa kabla hujajua.

Chukua dume watupu, 7 au 8. Wakiwa wengi hivyo ubabe unagawanyika, hakuna anayeonewa peke yake. Namna ya kuwatambua: angalia pezi la chini ya tumbo, nyuma kidogo ya mapezi ya mbele. La dume limesokotwa kama kijiti chembamba kinachoelekea nyuma. La jike limefunguka kama kipepeo cha mkono, na juu yake tumboni kuna doa jeusi. Usikubali kuchotewa wavu mzima, mwambie muuzaji akuwekee kwenye kikombe cha kioo uwaangalie kwa ubavu.

---

Ujiji_mchanga:

Naunga mkono hapo juu, ila kwa mtu anayetaka "samaki wanaofanya shughuli" na ana maji ya pH 8.2 yenye KH 12, itakuwa hasara kutomwambia habari za siklidi (jamii moja na perege) wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwenye magamba ya konokono. Ziwa letu lina pH kati ya 8.6 na 9.2 hivi. Watu wa Ulaya hununua chumvi za madini ili wayafikie maji kama yako, wewe unayavuta kwa pampu bure.

Anayefaa tangi la 60 ni *Neolamprologus multifasciatus*. Dume hufika sentimita 4.5 hivi, jike 3. Ana mistari myembamba ya kahawia iliyosimama wima, kutoka mgongoni kwenda tumboni, na macho yenye mng'ao wa buluu. Kwa asili anakaa kwenye magamba matupu ya konokono *Neothauma*, ambayo yamelundikana chini ziwani kama kokoto. Huishi kwa ukoo: dume mkubwa, jike kadhaa, na watoto wa rika tofauti, kila mmoja na gamba lake. Ukikaa mbele ya kioo utamwona jike wa sentimita tatu amejaza mchanga mdomoni, anautema mpakani mwa uwanja wake, anarudi kuchota tena. Jirani akisogeza gamba, wanakabiliana midomo wazi, kisha kila mtu anarudi kwake. Wanaweza kushinda kwenye kazi hiyo siku nzima.

Vipimo vya kuwapanga:

Mchanga uwe laini, usiopita milimita moja, na kina si chini ya sentimita 5. Ongeza sentimita moja au mbili kwa ulio nao. Kokoto hazifai, hawawezi kuzibeba.

Magamba 15 kwa samaki 6. Si lazima yawe ya *Neothauma*. Yale ya konokono wa shambani wachanga yanatosha, mdomo wake uwe na upana wa sentimita 2 hivi. Chemsha dakika 20, sukasuka mpaka mabaki yote yatoke, nusa. Likinuka, rudia. Nyama iliyooza ndani ya gamba moja inaweza kuharibu maji yote.

Nunua vijana 6 kwa pamoja, ambao hawajakomaa. Wakiwa wadogo hutawatofautisha dume na jike, waache wapangane wenyewe.

Angalizo mbili. Usichukue *Lamprologus ocellatus* kwa kudhani ni yule yule. Huyo hufikia 5 hadi 6, dume wawili kwenye urefu wa sentimita 60 watauana. Na joto: uso wa ziwa hukaa kama 24 hadi 29, kwa hiyo 30 yako iko juu kidogo. Weka feni ndogo ya mezani ipulize juu ya maji, mfuniko ukiwa wa wavu. Itashusha nyuzi 2 au 3 kwa uvukizi. Maji yaliyopungua kwa kuvukiza jazia ya mvua, siyo ya kisima, kwa sababu kinachovukiza ni maji matupu na madini yanabaki. Ukijazia ya kisima kila siku, TDS inapanda kimyakimya.

Na gapi unaweza kuwaweka juu yao, dume watano. Hawa wanakaa chini, wale juu.

---

mvuvi_wa_kioo:

Ujiji, hapo mwisho tutofautiane kidogo. Kwenye tangi la mita moja, sawa. Kwenye kimo cha maji cha sentimita 28, gapi anashuka kula mabaki chini na mkia wake unapita juu ya mlango wa gamba. Jike mwenye watoto hatavumilia. Tena gapi hula vifaranga vya siklidi vya milimita tano bila kazi. Kwa lita 50 nasema achague mmoja: gapi au wa magamba.

---

Ujiji_mchanga:

Nakubali kwa upande wa vifaranga. Kama anataka ukoo ukue, awaache peke yao.

---

Kisima_Mbezi:

Asanteni sana wakuu. Nimevutiwa na hawa wa magamba. Maswali mawili. Moja, nikibadili mawazo nikataka neoni, naweza kushusha pH kwa ndimu au siki? Nimesikia pia majani ya mti wa mkungu yanashusha. Pili, kweli siku tatu zinatosha kabla ya kuingiza samaki?

---

mvuvi_wa_kioo:

Ndimu na siki usithubutu. KH 12 ni kama miligramu 214 za alkali kwa kila lita, na kazi yake ni kumeza asidi. Utakamua ndimu, pH itashuka saa hiyo, na kesho itakuwa imerudi 8 na ushee. Utakamua tena. Samaki anavumilia pH ya juu iliyotulia kuliko inayopanda na kushuka kila siku.

Mkungu: majani makavu yaliyoanguka yenyewe yana faida, yanatoa rangi ya chai na beta huyapenda. Lakini kwa KH yako pH haitasogea hata ukijaza gunia.

Njia ya kweli kwako ni kuchanganya na maji ya mvua. Nusu kwa nusu, GH 14 inakuwa 7 na KH 12 inakuwa 6. Bado ni magumu kwa neoni. Itabidi mvua iwe robo tatu au zaidi, na uwe na akiba ya kutosha kiangazi chote. Mvua ya bati ikingwe baada ya nusu saa ya kwanza, paa likishaoshwa. Bati jipya la zinki liepuke kabisa kama utaweka uduvi.

---

Nai_lita40:

Kwa wasomaji wa Nairobi: hesabu hiyo inageuka. Maji ya bomba kwetu ni laini, kwa hiyo neoni na koridora (kambare wadogo wa chini ya tangi) wanakubali, lakini usiku wa Julai sebule inapoa mno na hita ni lazima. Kwa lita 50, wati 50 hadi 75, ukiiweka nyuzi 25. Neoni 8 na koridora wa aina ya *pygmaeus* 6, hapo umemaliza, usiongeze. Na maji yetu yana klorini, tofauti na kisima, kwa hiyo tumia dawa ya kuondoa klorini kila unapobadilisha.

---

sponji_mbichi:

Nijibu lile la siku tatu, kwa sababu ndipo samaki wengi wanapopotelea.

Siku tatu zinatosha klorini kutoka, na wewe klorini hata huna. Hazitoshi chujio kuwa hai. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua na kwenye kinyesi. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara. Bakteria hao wanaishi ndani ya sponji na kwenye mchanga, na wanachukua wiki 4 hadi 6 kuenea.

Kwa mtu mwenye pH 8.2 hili ni zito zaidi. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja ya sumu kali na nyingine hafifu. Kwa pH 7 na nyuzi 28, ile kali haifiki asilimia 1. Kwa pH 8.2 na joto hilo hilo ni kama asilimia 10. Yaani kipimo kikionyesha amonia ile ile kwenye tangi la Nairobi na kwenye lako, lako lina sumu zaidi ya mara kumi. Samaki anahema juu juu, matamvua mekundu kama nyama mbichi, na mwenye tangi anasema ni "ugonjwa".

Fanya hivi, bila samaki ndani:

1. Washa chujio saa 24. Weka amonia isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Tikisa chupa kabla hujanunua: povu likibaki juu, ina sabuni, iache. Ukikosa kabisa, weka chakula cha samaki kijiko kidogo kioze, ni polepole na kinanuka ila kinafanya kazi.
2. Pima kila siku mbili. Amonia itaanza kushuka, nitriti itapanda sana. Hapo wengi wanaogopa wanamwaga maji yote. Usimwage. Ongeza amonia kidogo tu ikifika sifuri.
3. Siku utakapoweka miligramu 2 na baada ya saa 24 amonia ni 0 na nitriti ni 0, chujio liko tayari. Badilisha asilimia 80 ya maji ili nitrati ishuke, na samaki waingie kesho yake.

Ukipata mtu mwenye tangi zima lenye afya, muombe sponji yake ya zamani au akukamulie uchafu wake juu ya sponji yako. Wiki 6 zinaweza kuwa 2. Ila uchukue kwa mtu ambaye samaki wake hawajaugua karibuni.

Samaki wakifika, elea mfuko juu ya maji dakika 15, kisha uwamimine na maji yao kwenye ndoo safi. Dondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili kwa sekunde, kama saa moja. Wavue kwa wavu. Maji ya muuzaji yamwage chooni, yasiingie kwenye tangi lako.

Baada ya hapo, lita 12 kila wiki zitoke na zingine ziingie. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi.

Chakula: mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja. Viluwiluwi wa mbu ni chakula bora kuliko cha kopo, wavune kwenye ndoo yako mwenyewe iliyofunikwa wavu, kila siku, wasije wakatoka mbu. Viluwiluwi wa mfereji wa maji machafu usiwalete.

La mwisho, konokono. Usiokote konokono wala majani kwenye bwawa au mto. Wale bapa waliojikunja kama sahani, na wale wadogo wa duara ambao mlango wao unafunguka kushoto, wanaweza kuwa wabebaji wa kichocho, na mkono wako utakuwa ndani ya maji hayo kila wiki. Chukua waliozaliwa ndani ya tangi la mtu.

---

Kisima_Mbezi:

Nimeelewa. Basi mpango wangu: naongeza mchanga ufike sentimita 6, magamba 15, feni, wiki 6 za kulisha bakteria, kisha wa magamba vijana 6 peke yao. Nyuma nitaweka mmea wa majini, *Vallisneria*. Pampu ya hewa itakaa kwenye rafu chini ya meza. Kuna nilichosahau?

---

Ujiji_mchanga:

*Vallisneria* inapenda maji hayo, hata ziwani ipo. Ipande kwenye kona za nyuma na uizungushie mawe matatu manne kando ya mizizi, la sivyo wataing'oa wakichimba. Mawe yaegemee kioo cha chini moja kwa moja. Yakikaa juu ya mchanga, watachimba chini yake na jiwe litadondoka.

Ukoo ukizidi, tuseme 25, itabidi ugawe. Usiingize kijiti ndani ya gamba wala usilivunje. Linyanyue polepole lipeleke juu ya bakuli lenye maji ya tangi, mdomo ukiangalia chini. Maji yakimwagika, samaki anatoka nayo.

---

sponji_mbichi:

Hiyo pampu chini ya meza itoe hapo leo. Umeme ukikatika, msukumo wa hewa unaisha na maji yanarudi kupitia mpira huo huo, yanaingia kwenye pampu na kumwagika kwenye waya. Iweke juu kuliko usawa wa maji, au katikati ya mpira funga vali ya kuzuia maji kurudi, mshale wake ukielekea kwenye tangi. Ipime kabla ya kufunga: puliza kwa mdomo upande wa pampu hewa ipite, puliza upande wa tangi isipite.

Na nunua pampu ya pili ya betri. Umeme ukikatika usiwalishe, iwashe hiyo ndani ya saa mbili za kwanza. Ukiwa huna, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, mara ishirini, kila baada ya nusu saa.

---

Kisima_Mbezi:

Nimeihamishia juu ya kabati. Vali naitafuta kesho. Amonia nimeweka leo saa kumi na moja jioni, kipimo kinasoma 2.